Ndege Anayekula Akipanda

Ukikaa kimya kwenye miombo ya Naipingo, wilayani Nachingwea, mwezi wa nane au wa tisa wakati majani mengi yameshapukutika, na ukawa na subira ya nusu saa bila kushika simu, unaweza kubahatika kuona kipande cha gome kinatembea. Kinaanza karibu na chini ya shina, kinapanda kwa kuruka vihatua vidogo, kinazunguka upande wa pili, unadhani kimepotea, halafu kinatokea juu zaidi. Kikifika kwenye matawi kinaanguka kama jani, kinadaka shina la mti mwingine chini kabisa, na kinaanza tena. Huyo ni ndege. Ana madoa meupe juu ya rangi ya kahawia iliyoiva, mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, na uzito wa gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari.

Kisayansi anaitwa Salpornis salvadori. Mreno Barbosa du Bocage ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1878, kwa ndege aliyetoka Angola, akampa jina la kumuenzi Mwitaliano Tommaso Salvadori. Zamani alihesabiwa spishi moja na ndugu yake wa India. Siku hizi wametenganishwa. Babu yangu, nilipomuuliza wanamwitaje, alinijibu, "Huyo hana nyama, mjukuu wangu, nani atahangaika kumpa jina?" Basi humu nitamwita mpandagome, maana ndiyo kazi yake kutwa nzima.

Mimi nasoma ualimu, Baiolojia na Jiografia, na Naipingo ni kwetu. Nimeandika juu ya huyu ndege kwa sababu mbili. Ya pili nitaisema mbele. Ya kwanza ni kwamba mlo wake ni hesabu, tena ya kuvutia kuliko nyingi tulizokaririshwa, na huhitaji maabara kuifuata. Unahitaji macho na saa.

Tuanze na mwili. Wanafunzi wengi wakiona ndege kwenye shina wanasema kigong'ota. Kigong'ota ni fundi seremala: ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia wake una manyoya magumu anayoyaegemeza kwenye shina kama mguu wa tatu, na anatoboa. Mpandagome hatoboi chochote. Vidole vyake vitatu viko mbele na kimoja nyuma, kama ndege wengi waimbao, ila kile cha nyuma kina kucha ndefu iliyopinda. Na mkia wake ni laini. Hapo ndipo anapotofautiana na binamu zake wa Ulaya wa jenasi ya Certhia, ambao nao hupanda magome lakini wana mkia mgumu wa kuegemea. Wa kwetu anajining'iniza kwa miguu tu. Kwa hiyo ukimtazama vizuri utaona mkia wake umeinuka kidogo kutoka kwenye gome, haugusi.

Chakula chake ni wadudu na buibui wanaojificha kwenye nyufa za gome: viwavi, mayai, wadudu waliolala wakisubiri mvua. Mdomo unaingia kwenye ufa, unachokoa, unatoka. Hapasui, habandui kwa nguvu. Anachopata ni kile ambacho tayari kimefichwa kwenye mwanya unaotosha mdomo wake. Hilo ni la kuweka akilini, kwa sababu lina maana kwamba kwake mti ni uso wa gome, si mbao wala majani. Mtondoro mzee wenye gome lililopasukapasuka ni soko lililojaa. Mti mchanga wenye gome laini ni duka lililofungwa.

Sasa swali ambalo mimi lilinikalia kichwani muda mrefu: kwa nini anapanda? Kwa nini asianze juu akateremka, apumzike na uvutano wa dunia? Mtu yeyote aliyepanda mnazi au mwembe anajua kupanda kunachosha.

Jibu zuri lilitolewa na mtafiti wa Sweden, R. Åke Norberg, mwaka 1981, akizungumzia wapandaji wa Ulaya, lakini hoja yake inamhusu wa kwetu vilevile. Usihesabu mti mmoja. Hesabu mti pamoja na safari ya kwenda mti unaofuata. Ndege anayekula akishuka atamaliza chini. Ili aanze mti wa pili itabidi aruke kwenda juu, na kuruka kwa mabawa kupanda juu ndiyo safari ghali kuliko zote kwa ndege. Anayekula akipanda humaliza juu, na kutoka juu kwenda chini ya mti wa jirani ni kujiachia tu. Mabawa yanatandazwa, uvutano unafanya kazi. Urefu ule alioupanda kwa miguu hakuupanda bure: kila hatua alikuwa anakula.

Fikiria mchuuzi wa mboga mwenye baiskeli kwenye kijiji chenye mlima. Akianza juu akiuza huku anateremka, atabaki chini, halafu asukume baiskeli hadi juu ya mlima wa pili bila kuuza kitu. Mwenzake anasukuma polepole akisimama kila mlango, "mchicha, mchicha," na akifika kileleni anapanda baiskeli, anaserereka hadi mlango wa kwanza wa mlima unaofuata. Milima ni ileile na jasho lipo kwa wote wawili. Wa pili amelipia kila tone la jasho kwa mauzo, na muda wake wa njiani ni mfupi.

Kuna ndege duniani wanaofanya kinyume, wanaotembea kwenye shina kichwa chini. Wanapatikana Ulaya, Asia, Amerika na kaskazini mwa Afrika. Kusini mwa Sahara hawapo. Wataalamu wengine hueleza kwamba wale wanaotazama kutoka juu huona kilichofichwa ambacho mpandaji amekipita. Kwa hiyo kwenye miombo yetu upande huo wa kazi uko wazi, labda hushikwa kidogo na wale ndege weusi wenye mkia mrefu na mdomo mwekundu wanaotembea kwa makundi na kelele zao, ambao hujining'iniza kwenye matawi kila namna, hadi miguu juu.

Swali la pili ni gumu zaidi: aondoke lini? Hapa naomba wale wa BCom wasogee karibu, maana ni hesabu yenu. Mwaka 1976 Mmarekani Eric Charnov aliandika kanuni ambayo ukiielewa utaiona kila mahali. Chakula kiko kwenye mafungu, na kila fungu linapungua kadiri unavyolila. Mwanzoni unapata haraka, baadaye unatafuta. Charnov anasema: usisubiri fungu liishe. Ondoka pale kasi ya kupata inaposhuka hadi kulingana na wastani wa mazingira yote, ukiwa umejumlisha na muda wa safari.

Kwa lugha ya chuoni: uko foleni ya kantini, mama lishe wa kwanza bado ana wali lakini maharage yamebaki ukungu. Je, ubaki au uende kwa wa pili? Inategemea mambo mawili tu, wa pili ana nini kwa kawaida, na yuko mbali kiasi gani. Akiwa jirani, unaondoka mapema. Akiwa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, na jua la saa saba, utakula hata ule ukoko. Hiyo ndiyo kanuni. Safari ikirefuka, mlaji hukaa zaidi kwenye fungu lililochoka na kipato chake cha saa nzima hushuka.

Mpandagome naye ndivyo anavyotegemewa kufanya. Miombo iliyoshikamana, mti hadi mti hatua chache, anaweza kuwa mchaguzi: apande, aonje, aserereke. Miti ikiwa imetawanyika katikati ya mashamba, kila kuserereka kunageuka safari ya kupiga mabawa, na inambidi akamue kila shina. Nilipokuwa nyumbani likizo nilijaribu kumfuata kwa saa ya simu. Si utafiti, ni udadisi, lakini nilichojifunza ni kwamba kazi ngumu si kupima muda. Kazi ni kumpata tena akishaserereka. Akishajibana kwenye gome akatulia, umekwisha. Unaanza kutazama nundu za mti mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyepoteza sarafu ya mia mbili. Kinachokusaidia ni sauti yake nyembamba ya juu, na majirani zake.

Majirani kwa sababu mara nyingi hayuko peke yake. Kwenye miombo ndege wadogo wa aina mbalimbali hutembea pamoja, hasa kiangazi: wengine wanachambua majani, wengine vitawi, wengine wanadaka wadudu hewani, na mpandagome anashika mashina. Unaweza kukaa saa nzima msitu umekufa, mara unapita msafara mzima kwa dakika tano, halafu kimya tena. Kwa anayeinamisha uso kwenye gome, faida ni rahisi kuelewa: mdomo ukiwa ndani ya ufa macho hayaangalii mwewe, na macho ya wengine ni ulinzi wa bure. Na kwa kuwa kila mmoja ana sehemu yake ya mti, hawagombani sana.

Washindani wake wa kweli, nadhani, wana miguu sita. Huko Finland miaka ya 1990, Teuvo Aho na wenzake walichunguza wapandaji wa kule na sisimizi wekundu wa msituni wanaopanda mashina kwa maelfu. Mashina yenye sisimizi wengi yalikuwa na chakula kidogo, na ndege walikaa muda mfupi zaidi kwenye mashina hayo. Nilipokisoma hicho nikakumbuka maji moto. Mtu yeyote wa Lindi au Mtwara aliyewahi kuokota korosho anawajua, wale wanaoshona majani kuwa nyumba na kukuangukia shingoni. Maji moto ni rafiki wa mkulima. Wanawinda mbu wa mikorosho anayeharibu machipukizi na korosho changa, na watafiti wa mikorosho kule Naliendele, Mtwara, wamefanya kazi ya kuwatumia badala ya dawa. Lakini shina wanalolimiliki maji moto limeshasafishwa. Mimi sijawahi kumwona mpandagome kwenye mkorosho, na ukijumlisha maji moto na gome la mkorosho lisilo na nyufa nyingi za kina, sioni atafuata nini pale.

Kiota chake nitakipitia haraka, ingawa kinastahili ukurasa. Binamu wa Ulaya hujificha nyuma ya gome lililobanduka. Wa kwetu hujenga kikombe kwenye panda ya tawi, wazi kabisa, kisha anakipaka nje utando wa buibui, vipande vya gome na ule ukoga wa kijivujivu unaoota juu ya miti, hadi kikombe kinaonekana ni nundu ya tawi. Mayai ni machache, moja hadi matatu. Ndege wa mayai machache ni ndege ambaye hana haraka ya kuongezeka.

Na sasa sababu ya pili. Ada yangu ya mwaka wa kwanza, kabla bumu halijaingia, ililipwa na ufuta.

Nachingwea, Ruangwa na Liwale ni nchi ya korosho na ufuta. Msimu wa ufuta ukifika, magunia yanakwenda kwenye vyama vya msingi, yanaingia ghalani, yanapigwa mnada chini ya RUNALI, na nyumba nyingi zinapata bati, pikipiki na sare za shule kutokana na siku hiyo. Sina ubavu wa kusimama hapa na daftari la ndege nikaukejeli ufuta. Ila ufuta unapenda ardhi mpya. Shamba lililofyekwa mwaka huu halina magugu mengi. La mwaka wa nne linahitaji mikono ya kupalilia ambayo baba hana, maana mikono mingine iko huku inasubiri UE. Kwa hiyo mkulima anasogea, na kinachosogelewa ni miombo.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Nachingwea, kama walivyokwenda Kongwa na Urambo, na mradi wao wa karanga. Walileta matrekta ya kung'olea miti na wakajenga reli kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulishakufa. Karanga hazikutosheleza hesabu, lakini miti ilikuwa imeng'olewa tayari. Tofauti ya wakati ule na sasa ni kwamba wale walikuwa na haraka na mashine, na sisi tuna shoka, moto na miaka mingi. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania, sehemu kubwa ikiwa ni mapori kama haya ya miombo, na ikaonyesha upotevu wa zaidi ya hekta 370,000 kila mwaka.

Watu wa kijijini watakwambia, na ni kweli, kwamba miombo haifi. Kata mtondoro leo, mvua ikinyesha kisiki kinatoa machipukizi kumi. Shamba likiachwa miaka mitano ukipita barabarani utasema msitu umerudi, kijani kitupu. Nyoka wamerudi, kuni zimerudi. Lakini nenda ukaguse. Magome ya yale machipukizi ni laini, membamba, hayajaungua wala kupasuka. Mdomo uliopinda hauna pa kuingia. Kwa mlaji wa nyufa msitu ule bado haujarudi, na hautarudi mpaka miti ile izeeke, jambo linalochukua miongo ya miaka kama haitakatwa tena katikati. Ndiyo maana namwona mpandagome ni kipimo bora kuliko rangi ya kijani inayoonekana kutoka angani. Akiwepo, ujue kuna mashina makubwa, yaliyo jirani. Picha ya setilaiti haigusi gome.

Nikirudi kwenye ualimu. Mada ya viumbe kujimudu katika mazingira tuliifundishwa kwa dubu wa barafuni na ngamia. Wanafunzi wa shule ya kata isiyo na maabara, iliyo hatua mia mbili kutoka kwenye miombo, wanachora dubu. Nikienda BTP mwakani, mpango wangu wa somo ni huu: vikundi vya watu wanne, kamba ya kupimia mzingo wa shina, peni moja ya risasi ya kuchokolea nyufa, na karatasi ya kuhesabia wadudu kwenye hatua ya kwanza ya shina kutoka chini. Mti mkubwa mmoja, chipukizi moja. Wakishamaliza, waambieni waweke ndege wa gramu 15 hapo na wahesabu ataondoka lini. Darasa la Charnov bila projekta. Na kama msafara wa ndege utapita, somo lisimame.

Upande wa nyumbani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu nyumbani hakuna mpango wa somo. Baba anataka kufungua shamba jipya kushuka hadi kwenye korongo. Likizo iliyopita tulizunguka naye. Sikumwambia habari za ndege mwanzoni, nilimuuliza kuhusu miti. Nikasema, "Baba, hii mikubwa ya ukingoni ikibaki, korongo halitakula shamba." Hilo alilijua kabla sijazaliwa. Kulikuwa na mitatu inayopangana, na kutoka wa kwanza hadi wa tatu ndege anaweza kuserereka bila kupiga bawa. Wa kwanza utabaki kwa sababu ana mzinga wa nyuki juu yake. Wa pili utabaki kwa ajili ya kivuli cha wavunaji. Wa tatu, kasema, unanyima ufuta jua kuanzia saa tisa, na mbao yake ina mteja. Hapo ndipo nikamweleza kuhusu ndege, kuanzia mkia hadi baiskeli ya mchuuzi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama huyo ndege anakula viwavi wa ufuta pia. Nikamwambia, hapana Baba, wa magome tu. Akacheka. Kufyeka kunaanza mwezi wa kumi, na kuhusu ule wa tatu bado tunapigiana simu.